Serikali Huchukua kwa Vichwa, Hutoa kwa Mapaa

Jirani yetu mmoja alishikwa na uchungu usiku wa kuamkia Ijumaa. Mumewe alikuwa amekwenda msibani Taveta na simu yake haikuwa ikishika. Tukampakia kwenye tuktuk, mimi, mke wangu na mamake mzazi, hadi hospitali. Mkunga alimpokea vizuri, sina la kumlaumu. Shida ilikuja kwenye karatasi. Mama yule ameandikwa bima chini ya jina la mumewe, na michango ya nyumba hiyo haikuwa imelipwa.

"Nilimpa pesa akalipe," alisema, baina ya uchungu mmoja na mwingine. "Tangu mwezi wa Rajabu nilimpa."

Pesa zenyewe zilikuwa zake, za mahamri na mbaazi anazouza kila alfajiri mlangoni kwake. Alizikusanya chamani, akamkabidhi mume kwa sababu bima iko kwa jina la mume. Mume ana tuktuk ya mkopo. Injini ikaharibika, akazitumia hizo hizo kuitengeneza. Simsemi vibaya kwa hilo, maana tuktuk ikisimama nyumba nzima hulala na njaa. Lakini usiku ule mwanamke aliyetoa pesa yake alihesabiwa kuwa hajatoa. Kina mama wa chama walitandika leso wakachanga. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi, naye ni wa kike.

Nimekirejea kisa hiki moyoni mara nyingi, kwa sababu ukikitazama kwa macho ya serikali hukioni kabisa. Serikali haikuona mke aliyetoa na mume aliyetumia. Iliona kaya moja, na kaya hiyo haijalipa. Basi.

Neno lenyewe, kaya, lina mambo yake. Sisi watu wa pwani tukisikia kaya tunakumbuka misitu ya Wamijikenda, Kaya Kinondo kule Kwale, Kaya Fungo kule Kilifi, mahali ambapo watu wengi wa koo nyingi waliishi ndani ya boma moja na wazee wakaamua mambo kwa kikao. Watu wa takwimu walilichukua neno hilo, wakalibana likawa sanduku la mtu mmoja anayeitwa mkuu wa kaya na wengine wote wakawa wategemezi wake. Na sanduku hilo ndilo linalotumika leo kuamua nani atibiwe, nani asaidiwe, na pesa zipitie mkononi mwa nani.

Tuichukue Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, ambayo bima yake ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF ikaondoka na SHA ikaingia. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa kaya yake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kwa mvuvi, muuza samaki, fundi na mama mahamri, anayelipa ni kaya.

Sasa tazama nyumba ambayo mume ni mwalimu na mke ni muuguzi. Hapo serikali haiulizi kaya. Mume hukatwa asilimia 2.75 yake, mke hukatwa yake. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 hukatwa kila mmoja. NSSF kila mmoja. Lakini mfumo ulipopanga kiasi cha kutoa, viwango vya juu vya baadhi ya huduma, kama matibabu ya saratani na hata miwani, viliwekwa kwa kaya, si kwa mtu. Wawili wanachangia, na Mungu apishe mbali wakiugua wawili, wanagawana fungu moja. Hili ndilo linalonikera. Wakati wa kuchukua wanahesabu vichwa. Wakati wa kutoa wanahesabu mapaa.

Na haikuanza jana. Mwingereza alipoleta kodi ya vibanda mwanzoni mwa miaka ya 1900, alihesabu vibanda na kumdai mwanamume. Mwenye wake watatu na vibanda vitatu alilipa mara tatu, na wanawake wenyewe hawakuwa na jina katika daftari. Baada ya uhuru Sheria ya Kodi ya Mapato ilikuja na kifungu cha 45, kilichosema kwa miaka mingi kwamba mapato ya mke anayeishi na mumewe yahesabiwe kuwa mapato ya mume. Mwanamke aliamka, akaenda kazini, akalipwa, na kwa mujibu wa sheria aliyepata ni mumewe. Kifungu hicho kimetiwa viraka vingi tangu hapo, ila fikra yake bado inatembea.

Mjadala huu ni wa zamani na nchi zilizojenga mifumo mikubwa ya kuwatunza raia zimepigana juu yake karibu miaka mia. Swali ni moja tu: haki ya kupata msaada iwe ya nyumba au ya mtu? Anayedhani ni swali la makaratasi asome yaliyotokea Uingereza.

Mwaka 1942 William Beveridge aliandika ripoti iliyoweka msingi wa mfumo wao wa bima ya jamii. Katika mpango wake mwanamke aliyeolewa alikuwa wa fungu la peke yake, bima yake ni ndoa yake. Angeweza kuacha kuchangia kwa ukamilifu, kwa hesabu kwamba pensheni ya mume itawafunika wote wawili. Wengi walifanya hivyo. Uamuzi ulioonekana wa busara ukiwa na miaka 25 na mume mzuri, ulikuja kuwauma wakiwa wazee, hasa walioachwa. Nafasi hiyo ilifungwa kwa wapya mwishoni mwa miaka ya 1970.

Lakini palikuwa na mwanamke bungeni, Eleanor Rathbone, aliyekuwa akipigania jambo jingine tangu mwaka 1924 alipochapisha kitabu chake kuhusu familia isiyo na urithi. Alitaka serikali itoe posho ya watoto, na posho hiyo apewe mama mkononi. Muswada ulipofika mwaka 1945 ulikuwa umeandikwa kwamba pesa ni za baba. Rathbone alisema wazi kwamba ikibaki hivyo ataupinga muswada alioupigania zaidi ya miaka ishirini. Wabunge wakaachiwa wapige kura kwa dhamiri zao, na posho ikaenda kwa mama. Malipo ya kwanza yalitolewa Agosti 1946. Yeye alikuwa amefariki Januari mwaka huo huo.

Wapo watakaosema, kuna tofauti gani? Pesa si zinaingia nyumba ile ile? Wahenga wetu walikwisha kujibu: nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Wataalamu wa uchumi wamechukua muda mrefu kidogo kufika hapo, lakini wamefika. Mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1970 Waingereza walibadilisha mfumo. Zamani sehemu ya nafuu ya watoto ilikuwa ni punguzo la kodi, lililoonekana kwenye mshahara wa baba. Wakaiondoa, wakaweka posho ya taslimu anayolipwa mama. Familia haikupata mali mpya kubwa, pesa zilihama mfuko tu. Wachumi watatu, Lundberg, Pollak na Wales, walichunguza matumizi ya familia kabla na baada, wakachapisha matokeo mwaka 1997. Matumizi ya nguo za watoto na za wanawake yalipanda yakilinganishwa na nguo za wanaume.

Afrika Kusini nako, Esther Duflo, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, alitazama pensheni ya wazee. Mahali ambapo bibi ndiye aliyeipokea, wajukuu wa kike waliokaa naye walikuwa na afya bora, kilo na kimo. Ilipopokewa na babu, athari hiyo haikuonekana. Najua kuna mababu watakaonipigia simu kwa maneno haya. Napokea, ila msinipigie wakati wa magharibi.

Maana yake si kwamba wanaume ni wabaya. Ni kwamba nyumba si mtu mmoja. Ndani yake kuna watu wenye mahitaji tofauti, na aliyeshika pesa huona kwanza haja iliyo mbele yake. Mume wa jirani yetu aliona injini. Mkewe aliona tarehe ya kujifungua. Wote walikuwa wakweli.

Na bado Uingereza ile ile imerudi nyuma. Tangu 2013 wanaunganisha misaada yao mingi kuwa mmoja, uitwao Universal Credit, na mume na mke huomba pamoja na kwa kawaida hulipwa katika akaunti moja. Vyama vya wanawake vimelalamika tangu mwanzo kwamba mume mkorofi akiishika akaunti hiyo ameshika kila kitu, hadi pesa ya maziwa. Serikali yao hujibu kwamba kuna njia ya kuomba pesa zigawanywe. Lakini mwanamke anayeogopa kupigwa ataombaje pesa zigawanywe bila mume kujua?

Waliofika mbali zaidi katika njia ya kuhesabu vichwa ni Waswidi. Mwaka 1971 walifuta kodi ya pamoja ya mke na mume. Kabla ya hapo mapato ya mke yaliwekwa juu ya ya mume, yakakatwa kodi kwa kiwango cha juu tangu shilingi ya kwanza, na wengi waliona heri wakae nyumbani. Mwaka 1974 likizo ya uzazi iliacha kuwa ya mama peke yake, ikawa ya wazazi wote wawili. Leo wana siku 480 kwa kila mtoto, na 90 kati ya hizo ni za kila mzazi peke yake. Baba asipochukua zake haziendi kwa mama, zinapotea.

Wanaosifu Uswidi huishia hapo. Mimi nataka kuendelea kidogo, kwa sababu hapa ndipo pana somo letu. Waswidi walipoamua kwamba kila mtu mzima ajitegemee, walifuta pia pensheni ya wajane, kuanzia 1990. Wakaweka masharti ya kipindi cha mpito, lakini kanuni ilikuwa wazi: mwanamke ana kazi yake na pensheni yake, hana haja ya pensheni ya marehemu. Inakubalika katika nchi ambayo wanawake wengi wameajiriwa na watoto wana shule za chekechea za serikali. Iweke Faza au Vanga uone. Mwanamke aliyelea watoto saba, akauguza mama mkwe miaka kumi, akasuka makuti na kuuza achari, ukimwambia "wewe ni mtu binafsi, lete michango yako ya NSSF tukupe pensheni," utakuwa umemtukana kwa jina la usawa. NSSF ni ya mtu binafsi. Kila mmoja ana namba yake. Na mama huyu atatoka na sifuri, akiwa na namba au hana.

Kwa hiyo kuna njia mbili za kumhesabu mtu peke yake, na tusizichanganye. Ya kwanza inamwambia: utapata kwa ulichochangia kazini. Hiyo inamtendea mwanamke kana kwamba ni mwanamume aliyezembea kazi. Ya pili inamwambia: utapata kwa sababu wewe ni raia, uko hai, na umefika umri huu au una mimba hii. Mimi natetea hii ya pili.

Najua lipo pingamizi la dini, na nimelisikia kwa masikio yangu baada ya darasa ya alasiri. Mwanamume ndiye msimamizi wa nyumba, ukimpa mke pesa zake umevunja usimamizi, ndoa zitayumba. Mimi si sheikh, nina diploma ya maendeleo ya jamii tu, na palipo na kosa wanazuoni watanisahihisha. Lakini nilichofundishwa chuoni tangu utoto ni kinyume. Usimamizi wa mume katika sheria yetu ni mzigo wa kutoa. Nafaka ni juu yake hata kama mke ni tajiri kumzidi. Mali ya mke ni ya mke: mahari yake, urithi wake, kipato cha mikono yake. Mume hana fungu humo ila kwa ridhaa yake. Uingereza mwanamke aliyeolewa alisubiri sheria ya mwaka 1882 ndipo aweze kumiliki mali yake kikamilifu. Bibi zetu wa Mombasa na Lamu walikuwa wakimiliki nyumba na mashamba, na kuyaweka wakfu kwa majina yao, karne nyingi kabla ya hapo.

Tazama na zaka. Nisabu haihesabiwi kwa nyumba. Dhahabu ya mke haijumlishwi na pesa za mume ili kuona kama wamefika kiwango, kila mmoja ana hesabu yake mbele ya Mola wake. Na katika madhehebu yetu ya Shafi mke tajiri anaweza kumpa zaka yake mume maskini, akahesabiwa ametoa. Mume hawezi kumpa mke zaka kwa njia hiyo, maana kumlisha ni wajibu wake tayari. Fikiria kidogo juu ya hilo. Sheria iliyotungwa kwa mtazamo wa kaya isingeweza kamwe kuruhusu pesa itoke kwa mke iende kwa mume ikahesabiwa imetoka. Fiqhi inaruhusu kwa sababu inaona watu wawili.

Tena wanawake wetu hawajawahi kuogopa kuidai haki hiyo. Mtafiti wa Marekani Susan Hirsch, aliyekaa katika mahakama za kadhi za pwani yetu na kuchapisha kitabu mwaka 1998, alikuta wengi wa wanaofungua kesi ni wanawake, na mara nyingi wanashinda. Wanadai nini? Nafaka, mahari, talaka. Kila mmoja kwa jina lake.

Katiba nayo iko wazi. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na neno lililotumika ni mtu. Ibara ya 27 inasema wanawake na wanaume ni sawa. Kile kipengele cha ibara ya 24 tulichokipigania, kinachoruhusu sheria ya Kiislamu ifuatwe katika mahakama za kadhi, kinahusu hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi. Hakigusi bima ya afya wala pesa za wazee. Asije mtu akatuambia usawa katika misaada ya serikali hautuhusu Waislamu.

Na kama kuna watu ambao sanduku la kaya haliwatoshi, ni sisi. Mume mmoja ana nyumba Kisauni na nyumba Ukunda. Kaya ni ngapi? Ukisema ni moja, wake wawili na watoto wao wote wanabanwa kwenye fungu moja. Ukisema ni mbili, mume mwenye pesa za kulipia moja tu ataanza na ipi? Katika ukewenza yatosha fitina iliyopo, serikali isituongezee.

Au chukua talaka. Mwanamke aliyekuwa mtegemezi kwenye bima ya mumewe, siku edda inapokwisha anatoka kwenye nyumba na kwenye karatasi pia. Inabidi aanze upya, ajiandikishe, apimwe uwezo, alipe, katika miezi ile ile ambayo amerudi kwa wazazi na begi moja na watoto watatu. Bima ingekuwa imeandikwa kwa jina lake tangu awali, talaka ingebadilisha anwani yake tu.

Kipimo cha uwezo chenyewe kina kasoro hiyo hiyo. Maswali yake ni ya paa, kuta, choo, maji, jiko la kupikia. Nenda Mji wa Kale au Lamu uone nyumba ya mawe yenye mlango wa nakshi, imeachwa na babu kwa warithi kumi na wanane, na ndani anaishi shangazi mmoja mjane anayekula kwa fadhila za majirani. Ukiipima nyumba, ni tajiri. Ukimpima mtu aliye ndani, hana hata shilingi ya mkate.

Kenya tayari imewahi kufanya vizuri, na ndiyo maana nasema hili si ndoto ya Uswidi. Linda Mama ilikuwa hivyo. Mwenye mimba alijiandikisha kwa jina lake, akazaa bila kuulizwa mume ni nani wala amelipa nini. Mfumo mpya ulipokuja, huduma ya kujifungua ikaingizwa ndani ya kifurushi cha bima, na kifurushi kinataka michango iwe imelipwa. Kwa mwanamke wa mjini mwenye mshahara si kitu. Kwa jirani yangu ndiyo tofauti baina ya kitanda na kutandika leso.

Na Inua Jamii. Mwanzoni pesa za wazee zilitolewa kwa kaya maskini yenye mzee wa miaka 65 au zaidi, na kamati za mtaa ndizo zilizochagua nyumba. Kila mmoja anakumbuka manung'uniko ya nani kaandikwa na nani karukwa. Mwaka 2018 serikali ikaanza kumlipa kila aliyefika miaka 70 asiye na pensheni ya serikali, shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa jina lake na kitambulisho chake. Bwana na bibi wakiwa wote wamefika, kila mmoja ana zake. Ulikuwa ni uamuzi mkubwa kuliko ulivyozungumzwa. Mara ya kwanza katika nchi hii mwanamke ambaye hakuwahi kuajiriwa alipata pesa kutoka serikalini kwa sababu tu yeye ni yeye. Na kwa kuwa katika umri huo wanawake ni wengi kuliko wanaume, faida imewafikia zaidi.

Ndugu zetu wa Zanzibar walitutangulia. Tangu Aprili 2016 wana Pensheni Jamii, kila mzee wa miaka 70, mke kwa mume, awe alikuwa karani au mkulima wa mwani, alianza kulipwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, kutoka hazina ya serikali yao wenyewe. Hawakuuliza paa.

Sisi tukaachia jambo jema likavia. Shilingi 2,000 za 2018 si 2,000 za leo, kila anayenunua unga anajua. Waliofika miaka 70 baada ya uandikishaji wa kwanza, wengi walikaa miaka wakisubiri orodha ifunguliwe. Na kumhesabu mtu peke yake kunahitaji mtu huyo awe na kitambulisho, jambo ambalo pwani si la kuchukuliwa kirahisi. Wamakonde wa Kwale walisubiri miaka mingi kutambuliwa kuwa raia. Wapemba walisubiri hadi 2023. Kuna bibi kule Shimoni na Kilifi aliyezaa, akazika na akalea wajukuu katika ardhi hii, na mwaka aliopata kitambulisho tarehe ya kuzaliwa ikaandikwa ya kukisia, ikamnyima miaka sita. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali ni yeye mwenyewe.

Gharama? Ndiyo, ipo. Kumpa kila mwanamke mjamzito haki yake ya kuzaa bila malipo, na kila mzee pesa zenye thamani, ni mabilioni. Lakini nchi ambayo ina mashine ya kumkata kila mfanyakazi ushuru wa nyumba kwa jina lake, mwezi kwa mwezi bila kukosea, haiwezi kuniambia haina mashine ya kumtambua mtu huyo huyo wakati wa kumpa. Wabunge wetu wa pwani wakija kuomba kura mwaka 2027, waulizwe jambo moja la kujifungua na moja la wazee, wajibu kwa tarakimu. Tumewasikiliza vya kutosha juu ya bandari na mashamba, na ni mambo makubwa, lakini waliokuwa hospitali usiku ule hawakuwa wakizungumza bandari.

Shangazi yangu ana miaka 80. Anapokea Inua Jamii tangu orodha ya kwanza. Siku ya pesa huvaa buibui lake jipya, akampigia simu mjukuu ampeleke kwa wakala, na njiani hamruhusu ashike kadi. Mwaka jana mwanawe mkubwa, binamu yangu, alimwomba amwachie kadi na namba ya siri ili "amrahisishie". Mume wa shangazi alifariki zamani na katika maisha yao yote ya ndoa sijawahi kumwona shangazi akinunua kitu bila kuomba. Alimtazama mwanawe, akafunga fundo la leso upya, akamwambia: "Za babako nilizila kwa kuomba, Mungu amrehemu. Hizi zimeandikwa jina langu. Wewe ukitaka kunirahisishia, niletee samaki."

Samaki akaletwa, changu wawili. Kadi hakuitoa.